Mwanafunzi wa udaktari na utafiti wa kitabibu: anzia kwenye mafaili ya mwenzio

Swali lilikuwa hivi: mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari anataka uzoefu wa utafiti unaohusu wagonjwa, hajawahi kushika hata fomu moja, na kila anayemuuliza anamwambia "tafuta kwanza wazo zuri." Aanzie wapi?

Mkuu, wazo liweke pembeni kwanza. Wazo lako la kwanza litadai kibali cha maadili, msimamizi, mtu wa takwimu na miezi mingi ambayo kati ya mitihani na wodi huna. Ingia kwenye utafiti wa mtu mwingine ambao kibali kimeshatoka na umekwama kwa kukosa mikono. Hizo zipo nyingi. Wa kuwaendea kwanza ni madaktari wanaosomea ubingwa: wana tasnifu, wana tarehe ya mwisho, na kwa kawaida wana rundo la mafaili ya wagonjwa hawajalifikia. Profesa mwenye jina kubwa atakujibu vizuri, kisha atakusahau.

Ujumbe wako uwe wa mistari mitano au sita. Wewe ni nani na uko mwaka gani, kazi yake ipi umeisoma (isome kweli, maana ataulizia), una saa ngapi kwa wiki, mpaka mwezi gani, na unaweza kufanya nini sasa hivi. "Niko tayari kwa chochote" haimsaidii, kwa sababu inamwachia yeye kazi ya kukutafutia kazi. "Nina saa 6 kwa wiki hadi mitihani, naweza kutoa taarifa kwenye mafaili" inajibika. Kimya kikipita wiki, kumbusha mara moja, kisha nenda kwa mwingine.

Akikubali, uliza kabla hujasema ndiyo. Kibali cha kamati ya maadili kimetoka, na jina lako litaongezwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuona taarifa? (Kamati nyingi hutaka marekebisho ya kimaandishi kwa hilo. Kufungua mafaili kabla jina halijaingia ni kosa lako pia, si la msimamizi peke yake.) Mafaili ni mangapi? Nani atakagua kazi yangu? Halafu piga hesabu. Faili moja la mgonjwa aliyelazwa linaweza kula dakika 20 bila shida. Mafaili 200 ni kama saa 67, na kwa saa 6 za wiki hizo ni wiki 11 bila kukosa hata moja. Wanafunzi wengi huachia njiani si kwa uvivu, bali kwa sababu hesabu hii haikupigwa siku ya kwanza.

Huku ukisubiri jina liingie, fanya kozi ya miongozo ya utafiti bora wa kitabibu, ile inayojulikana kwa kifupi GCP. Ipo bure mtandaoni, huchukua saa chache na inatoa cheti. Karibu kila utafiti wa majaribio ya dawa utakudai hicho cheti.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo tafiti nyingi za mafaili zinapoharibikia.

Usianze kujaza mpaka kuwe na kamusi ya data: ukurasa unaoeleza kila safu inaitwaje, inapokea nini, kwa kipimo gani, na taarifa inatolewa sehemu ipi ya faili. "Shinikizo la damu" peke yake halitoshi. Ni lile la mapokezi, la kwanza wodini, au la juu kuliko yote? Wewe utachukua la mapokezi, mwenzako la wodini, na mwisho tofauti mtakayoipata ni tofauti kati yenu ninyi wawili, si kati ya wagonjwa.

Tazama kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Faili moja limeandikwa 1.2, lingine 106. Ukiyaingiza yalivyo, kompyuta itaona mmoja mzima na mwingine ana namba ya kutisha. Kumbe ni kitu kilekile: ya kwanza ni miligramu kwa desilita, ya pili mikromoli kwa lita, na ukizidisha 1.2 kwa 88.4 unapata 106. Maabara ikibadilisha mashine katikati ya miaka mnayoichunguza, vipimo vyote viwili vitakaa kwenye rundo moja. Dawa yake ni safu mbili, moja ya namba kama ilivyoandikwa na nyingine ya kipimo, na ubadilishaji ufanywe baadaye na kompyuta. Usibadilishe kichwani huku unajaza.

Kosa lingine la kimyakimya ni nafasi tupu. Kama faili halitaji kisukari, hiyo si "hana kisukari." Ni "haijaandikwa," na ziwe na alama tofauti. Ila alama yenyewe ichague kwa akili: ukiweka 99 kumaanisha haijulikani kwenye safu ya umri, wastani wa umri utapanda na hakuna atakayejua kwa nini. Tarehe nazo andika kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, kwa sababu 03/04 inasomeka kwa namna mbili na Excel itachagua yake bila kukuuliza. Chuo chako kikiwa na REDCap, programu ya kukusanyia data za utafiti, tumia hiyo. Ikipangwa vizuri inakataa tarehe mbovu, inakuonya palepale ukiandika umri wa miaka 240, na inaweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini.

Jaribu mafaili 10 kwanza, wewe na mtu mwingine, kila mmoja peke yake, halafu linganisheni. Mtakapotofautiana ndipo kamusi ina tobo. Rekebisheni, kisha endeleeni.

Majina na namba za hospitali visiingie kwenye jedwali la data. Kila mgonjwa apewe namba ya utafiti, na orodha inayounganisha namba na jina ikae kwingine chini ya neno la siri, mikononi mwa mtafiti mkuu. Kupiga picha kurasa za faili kwa simu "ili nikajazie nyumbani" ni njia ya haraka ya kufukuzwa, na ni haki.

Ukishazoea mafaili, omba kusogea karibu na wagonjwa wenyewe, yaani kusaidia kuandikisha washiriki. Hapo ujuzi ni kuomba ridhaa. Mgonjwa akikuona na koti jeupe anadhani wewe ndiye daktari wake na akikataa atanyimwa matibabu. Mwambie waziwazi kwamba huu ni utafiti, anaweza kukataa, anaweza kujitoa hata kesho, na matibabu yake hayatabadilika. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Swali "umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" na kila mtu. Asiyejua kusoma anahitaji shahidi asiye na upande, aliyekuwepo tangu mwanzo wa maelezo. Kumvuta mtu wa kupita dakika ya kusaini hakukubaliki. Mshiriki aandike tarehe kwa mkono wake, na sahihi itangulie kipimo chochote cha utafiti. Kagua pia namba ya toleo la fomu kila asubuhi: fomu ya zamani iliyobaki kwenye droo ni kosa ambalo wakaguzi hulikuta mara kwa mara. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja, neno la zamani lisomeke, andika lililo sahihi pembeni, pamoja na kifupi cha jina lako na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usiukaribishe mezani.

Kuhusu idadi ya washiriki, utaisikia 384 kila kona. Inatoka kwenye kanuni ya kukadiria kiwango cha tatizo: uhakika wa asilimia 95, makosa ya asilimia 5, na kiwango kikikisiwa asilimia 50. Ukitaka kulinganisha makundi mawili, 384 haina maana yoyote kwako. Muone mtu wa takwimu kabla ya kukusanya. Baada ya hapo atakachoweza kukupa ni pole.

Jina kwenye makala liongelewe mapema, kwa upole, ikiwezekana kwa barua pepe. Vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu, ni vinne na vyote vinatakiwa: mchango wa maana kwenye kubuni utafiti, au kupata, kuchambua au kutafsiri data, kushiriki kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Kukusanya data peke yake kunakupa shukrani mwishoni mwa makala, basi. Kwa hiyo omba sehemu ya kuandika. Sehemu ya mbinu ndiyo rahisi kwako, maana wewe ndiye unayejua mafaili mangapi yaliachwa na kwa sababu gani, mradi uliweka daftari la hesabu hiyo tangu faili la kwanza.

Ripoti ya mgonjwa mmoja ni njia fupi kama mgonjwa ameridhia kwa maandishi. Fuata mwongozo wa CARE, unaoeleza ripoti za aina hiyo ziandikweje. Mapitio ya tafiti yanafunza kusoma, lakini hayakupi uzoefu wa mgonjwa hata mmoja, hivyo usiyahesabu kama jibu la swali hili.

Kwenye wasifu wako usiandike "nimeshiriki utafiti." Andika mafaili mangapi uliyapitia, washiriki wangapi uliwaandikisha na ulitumia programu gani. Mtafiti anayefuata ataangalia hapo kabla ya kuangalia alama zako.