Je, Gödel aliiondolea hisabati uhakika wake?

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1931 Kurt Gödel alionyesha kuwa zipo kweli za hisabati ambazo kamwe haziwezi kuthibitishwa. Ikiwa ndivyo, hisabati tutaiaminije? Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu msomaji, neno linalokusumbua ni “kamwe”, nalo halimo katika alichothibitisha Gödel. Ukijumlisha na nyongeza ya J. Barkley Rosser ya mwaka 1936, thioremu yake, yaani kauli iliyothibitishwa, inahusu mfumo wowote wa aksiomu, yaani kauli za msingi zinazokubaliwa bila uthibitisho: mfumo huo ukiwa haujipingi, kanuni zake zikiwa zinafuatika hatua kwa hatua hata na mashine, na ukitosha kueleza kujumlisha na kuzidisha namba za kuhesabia, basi ipo kauli ambayo hauwezi kuithibitisha wala kuikanusha. Masharti hayo ni ya lazima. Mwaka 1929 Mojżesz Presburger alionyesha kuwa hesabu ya kujumlisha peke yake ina mfumo unaoamua kila kauli yake.

Kwa hiyo, ukiambiwa kauli haithibitiki, uliza kwanza: katika mfumo upi? Mwaka 1944 Reuben Goodstein alithibitisha kuwa mifuatano fulani ya namba, ingawa mingi hukua kwa kiasi kisichoweza kufikirika, yote hatimaye hushuka hadi sifuri. Mwaka 1982 Laurie Kirby na Jeff Paris walionyesha kuwa kauli hiyohiyo haithibitiki kwa aksiomu za Peano, zilizo za kawaida kwa namba za kuhesabia. Uthibitisho wa Goodstein haukubatilika kwa sababu hiyo, kwani ulitumia namba za mpangilio zinazovuka ukomo, yaani zinazoendelea hata baada ya namba zote za kuhesabia, zana ambazo aksiomu za Peano hazina za kutosha. Naupenda mfano huu kuliko ile kauli maarufu inayojisema yenyewe kuwa haithibitiki, kwa kuwa hapa tunaiona kweli ya kawaida kabisa ikikosa uthibitisho upande mmoja na kuupata upande mwingine.

Aliyepata pigo hasa ni mwanahisabati David Hilbert, aliyetaka hisabati yote ihakikishwe kuwa haijipingi kwa njia zisizogusa vitu visivyo na ukomo. Thioremu ya pili ya Gödel inasema mfumo wa aina hii hauwezi kujithibitishia wenyewe kwamba haujipingi. Gerhard Gentzen aliwathibitishia wenzake kwamba aksiomu za Peano hazijipingi mwaka 1936, ila kwa hoja iliyotoka nje ya aksiomu hizo.

Hapo ndipo shaka yako inapopata mahali pake: tukihamia mfumo wenye nguvu zaidi, aksiomu zake mpya tunaziamini kwa haki gani? Gödel alishikilia kuwa vitu vya hisabati vipo bila kututegemea, na akili inaweza kuvitambua. Wanafalsafa wengi hawakubaliani naye, na hakuna thioremu iliyowaamua.