Ukungu ukutani: nani agharamie?

Dada wa Ngamiani, Tanga, unauliza kama wewe mpangaji ndiye wa kulipia ukuta wa chumba ulioota ukungu, na mtoto anakohoa. Usipake rangi kwa pesa yako kwa sababu tu mwenye nyumba kasema ni uchafu wako. Tazama chanzo. Doa likianzia juu masika, paa linavuja. Likipanda kutoka sakafuni, ukuta unanyonya maji ya ardhini. Hayo ni jukumu la mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta za nje na mifereji mikuu. Wewe fungua madirisha, usianike nguo ndani, na mwandikie mapema ukimtumia picha zenye tarehe. Rangi juu ya unyevu hubanduka tu. Na huyo mtoto anayekohoa, tafadhali, asilale tena chumba hicho.