Kofia ngumu moja kwa pikipiki na kwa mnara: jibu kwa fundi wa Tanga

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa minara ya simu na ninaishi Ngamiani, Tanga. Kila siku ninaendesha pikipiki kwenda kwenye minara ya Muheza, Mkinga na Pangani, halafu ninapanda, mara nyingine zaidi ya mita 40. Ninabeba helmeti ya pikipiki, kofia ya kupandia na begi la spana, na mzigo huo unanichosha. Mwenzangu huvaa kofia yake ya kazini tangu nyumbani hadi juu ya mnara, na anasema mradi ina mkanda wa kidevu inatosha. Nimeweka akiba ya shilingi 150,000. Je, ipo kofia moja itakayonifaa kwa yote mawili? Na kama haipo, ni kwa nini, maana zote ninaziona ni plastiki ngumu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe: usitumie kofia moja, na mwenzako mwambie aache mara moja. Kofia hizo mbili zimeundwa kupokea mapigo yasiyofanana, na zaidi ya hapo, jambo ambalo mafundi wengi hawajawahi kuelezwa, mikanda yake ya kidevu imetengenezwa kufanya kazi zinazopingana.

Umesema zote ni plastiki ngumu. Kwa nje ni kweli, lakini plastiki ile ni ganda tu. Ninapofundisha mafundi wapya huwa ninakata kwa msumeno helmeti moja ya pikipiki na kofia moja ya kazini, zote zikiwa zimekwisha muda wake, kisha ninaziweka mezani vipande vikitazama juu. Katika helmeti ya pikipiki, chini ya ganda kuna povu gumu jeupe, la jamii ile inayofungashiwa televisheni na friji, unene wake ukikaribia vidole viwili, nalo limezunguka paji la uso, pande zote mbili na kisogo. Ukilibonyeza kwa nguvu kwa kidole gumba, linabaki na kishimo ambacho hakirudi. Kishimo hicho ndicho kazi yake: povu hukubali kupondeka ili kichwa kipate nafasi ya kusimama polepole badala ya kusimama ghafla, na likishapondeka mara moja, mahali pale hapana kinga tena. Katika kofia ya kazini, utosini huoni povu hata kidogo. Unaona utando wa mikanda minne au sita uliotundikwa kwenye ukingo wa ganda, na kati ya utando na ganda pana uwazi ambao kiganja kilicholazwa kinapita. Kitu kikidondoka kutoka juu, mikanda hunyumbuka na uwazi ule hula nguvu ya pigo. Pembeni, kwenye masikio na kisogoni, mara nyingi hapana chochote zaidi ya ganda.

Tofauti hiyo inatokana na swali moja: ni nini kinachotembea, kichwa au kitu kinachokigonga? Barabarani kichwa ndicho kinachokwenda na ardhi imetulia, kwa hiyo pigo linaweza kuja kutoka upande wowote. Chini ya mnara kichwa kimetulia na spana ndiyo inayokuja, na inatoka juu.

Vipimo vya maabara vinafuata mantiki hiyo hiyo. Helmeti ya pikipiki ya kiwango cha ECE 22.05 (kanuni ya Umoja wa Mataifa ya helmeti za pikipiki) huvalishwa kichwa cha chuma, kisha huangushwa ikigonga chuma bapa na chuma chenye umbo la ukingo wa barabara kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 27 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka karibu mita 2.9. Toleo jipya, 22.06, limeongeza mapigo ya kasi kubwa zaidi, mita 8.2 kwa sekunde, pamoja na kipimo cha jinsi kichwa kinavyozungushwa pigo linapokuja mshazari. Usishangae kuona kilomita 27 wakati wewe unakwenda 70. Mtu akianguka na kuteleza juu ya lami, kasi inayokipigiza kichwa chini ni ile ya kushuka, nayo inategemea urefu aliotoka. Kasi ya kwenda mbele nyingi huishia kwenye kuteleza, ilimradi asikutane na nguzo au gari.

Kofia ya kazini ya kiwango cha EN 397 (EN ni alama ya viwango vya Ulaya) haiangushwi kabisa. Yenyewe huwekwa imetulia, na chuma cha kilo 5 hudondoshwa juu yake kutoka mita 1. Nguvu inayopenya hadi kichwani isizidi kilonyutoni 5, takriban uzito wa kilo 500. Kofia ya wapanda milima, EN 12492, ambayo wapanda minara wengi huitumia, hudondoshewa chuma cha kilo 5 kutoka mita 2, na hupigwa pia mbele, pembeni na nyuma, lakini kutoka nusu mita tu. Hiyo nusu mita ndiyo kinga ya pembeni ambayo mwenzako anaitegemea barabarani.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hesabu hii inagusa maisha yako ya kila siku hata ukiwa na kofia mbili. Nishati ya chuma cha kilo 5 kutoka mita 1 ni sawa na ya spana ya nusu kilo iliyodondoka mita 10. Kwa kofia ya wapanda milima ni mita 20. Ninyi mnafanya kazi mita 40. Spana ya nusu kilo iliyodondoka mita 30 inafika chini ikiwa na kasi ya karibu kilomita 87 kwa saa, na nishati yake ni mara tatu ya ile ambayo kofia ya EN 397 imepimwa nayo. Kwa hiyo fungeni spana kwa kamba kwenye mkanda wa mwili, na msaidizi wa chini asisimame chini ya mnara mwenzake anapofanya kazi juu, hata kama kofia yake ni mpya kabisa.

Sasa mkanda wa kidevu. EN 397 ya toleo la 2012 inataka mkanda uachie unapovutwa kwa nguvu ya kati ya nyutoni 150 na 250, takriban uzito wa kilo 15 hadi 25. Umewekewa udhaifu huo makusudi, ili mtu ambaye kofia yake imenasa kwenye chuma asije akaning'inia kwa shingo. EN 12492 inataka kinyume chake: mkanda ustahimili nyutoni 500, kwa kuwa mtu aliyeteleza akiwa kwenye kamba hugonga nguzo zaidi ya mara moja kabla hajatulia, na kofia lazima iwe bado kichwani. Zipo kofia za kisasa ambazo kifungio chake hubadilishwa kutoka hali moja hadi nyingine, na hizo ningependa kila fundi wa minara awe nayo. Helmeti ya pikipiki nayo hupimwa kwa kuvutwa ghafla, na pia kwa kuvutwa kutoka kisogoni kuelekea mbele, kuona kama itachomoka kichwani.

Nililiona hili kwa macho yangu. Kijana mmoja katika kikosi nilichokuwa nikikisimamia aliteleza kwenye kona ya mchanga akitoka mnarani jioni, akiwa na kofia ya kazini aliyoikaza vizuri. Tulipomfikia, kofia ilikuwa imelala mbali naye, nzima, bila mkwaruzo hata mmoja, mkanda umeachia kama ulivyoundwa, na yeye anavuja damu juu ya sikio. Alipona, namshukuru Mungu, lakini kofia ile isiyo na alama sijaisahau.

Kuhusu kinyume chake, yaani kupanda mnara na helmeti ya pikipiki, sababu ni chache na ziko wazi. Nyingi zina uzito unaopita kilo moja, mara mbili au tatu ya kofia ya kupandia, na ukitazama juu kwa saa mbili shingo italalamika. Kisogo chake hukuzuia kuinua kichwa. Masikio yakiwa yamefunikwa hutasikia mwenzako akipiga kelele kwamba kitu kinadondoka. Na katika joto la Tanga la mwezi Februari utaivua ukiwa katikati ya mnara, jambo ambalo ni baya kuliko yote.

Je, hakuna kabisa kofia ya kazi mbili? Ipo, pale ambapo mapigo yanakaribiana. Huko Ulaya wanaoteleza kwenye theluji kwa ubao wana kiwango chao, EN 1077, na wanaoruka kwa paraglaida, yaani mwavuli wa kupaa angani, wana chao, EN 966. Kofia zenye vyeti vyote viwili zinauzwa, kwa sababu katika michezo hiyo yote kichwa ndicho kinachoanguka. Kwa hiyo kofia ihesabiwe kuwa ya kazi mbili pale tu inapobeba alama za viwango vyote viwili. Kofia yenye alama ya pikipiki pamoja na ya mnara sijapata kuiona dukani.

Kuhusu akiba yako, iweke yote kwenye helmeti ya pikipiki. Kofia ya mnarani ni jukumu la mwajiri: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka akupatie vifaa vya kujikinga, nawe iombe kwa maandishi, ukitaja EN 12492 na kifungio kinachobadilishwa. Dukani, tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa helmeti, yenye herufi E na namba ndani ya duara, chini yake namba ya idhini inayoanza na 05 au 06. Stika ya nje peke yake isikuridhishe, maana stika huchapwa popote. Ivae bila kuifunga, ishike kwa mikono miwili na uizungushe: ngozi ya mashavu na ya paji la uso isogee pamoja nayo. Ikizunguka huku ngozi imetulia, ni kubwa. Kisha ifunge, inamisha kichwa, na umwombe muuzaji aivute kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikichomoka, iache, hata ukipunguziwa bei.

Usiitundike kwenye kioo cha pikipiki, kwani ncha ya kioo hulipondaponda povu kidogo kidogo kwa ndani, na usiifute kwa petroli kama wengi wafanyavyo, maana petroli huliyeyusha povu lile. Sabuni ya kawaida na maji yanatosha. Pete za mkanda zipanguse mara kwa mara, kwa kuwa upepo wa chumvi wa huku kwetu huzishika kutu upesi. Na kofia ya mnara, badala ya kuibeba mkononi au kichwani, ifunge mdomo chini kwenye keria nyuma yako, ndani ya mfuko wa kitambaa kizito, spana zikiwa kwenye begi lake peke yake ili zisiikwaruze na kuitia nyufa njiani.