Kadi ya Pointi: Kwanza Sema Unashukia Wapi

Kadi yangu ya kwanza ya pointi, yaani kadi ya mkopo inayokupa pointi au maili za kununulia tiketi za ndege kila unapolipia kitu, niliichukua nikiwa angani. Mhudumu wa ndege alipita na fomu na kalamu, akatangaza maili 50,000 za bure, nami nikajaza pale pale kwenye kimeza cha kahawa kabla hatujatua Baltimore. Maili zilipoingia nikakaa kutafuta tiketi ya Krismasi. Kumbe shirika lile halina ndege hata moja ya kwenda Afrika, wala mshirika wa kunifikisha. Maili zikanipeleka Orlando mara mbili. Orlando sina ndugu.

Ndiyo maana wadogo zangu hapa Maryland wakiniuliza, "Kaka, kadi gani nzuri?" nami huwauliza: kwenu ni wapi, na ndege gani inatua huko?

Kwetu ni Moshi, kwa hiyo mimi natazama KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ethiopian inaondokea uwanja wa Dulles, hapa jirani, inakupitisha Addis Ababa. KLM inakuja kwa Amsterdam. Ethiopian imo Star Alliance tangu 2011, kundi la mashirika ya ndege yanayoshirikiana, pamoja na United ya Marekani, na maili za United zinanunua kiti cha Ethiopian. KLM na Air France wana mpango mmoja wa maili, Flying Blue. Ukishalijua hilo, achana na kadi ya shirika moja. Tafuta kadi ya benki ambayo pointi zake zinahamishika. Za Chase Sapphire Preferred zinaenda United na Flying Blue, pointi moja kwa maili moja, na ada yake ni dola 95 kwa mwaka. Capital One Venture nayo ni dola 95. Hiyo haiendi United, ila inaenda Flying Blue na Aeroplan, mpango wa maili wa Air Canada, shirika ambalo pia limo Star Alliance. Zihamishe siku ile umekiona kiti kwa macho yako, maana zikishatoka benki hazirudi.

Sasa riba. Chukua deni la dola 1,800 kwenye kadi yenye riba ya 24% kwa mwaka. Mwezi mmoja ni dola 36. Matumizi yale yale, kwa pointi 2 kwa kila dola, yamekupa pointi 3,600, ambazo kwa senti moja moja ni dola 36. Mwezi mmoja tu umezimeza zote, na wa pili unaanza kula mshahara. Kama bili huimalizi yote kila mwezi, mambo ya pointi yaache kwanza. Wengi hawapendi nikisema hivyo.

Na kuna mtego unaotunasa sisi hasa. Mama alihitaji mabati. Nikafungua programu ya kutuma hela, nikaweka kadi ya mkopo badala ya ile inayokata hela zangu moja kwa moja kwenye akaunti, nikijiona mjanja: mama apate bati, mimi nipate pointi 800. Bili ilipokuja, benki ilikuwa imeihesabu kama fedha taslimu nilizochota. Makato 5%, dola 40 zimekwenda, riba imeanza siku ile ile bila kusubiri tarehe ya kulipa, na pointi sifuri. Mabati yalifika salama, lakini. Michango ya harusi na ya msiba pia, tuma kwa kadi ya akaunti.

Ofa ya kujiunga ndiyo yenye pointi nyingi, ila inakutaka utumie maelfu ya dola ndani ya miezi mitatu. Mimi huomba kadi mpya wakati bima ya gari na matairi vinakaribia, vitu ambavyo ningelipa tu. Kununua televisheni ili kufikisha kiwango ni kujidanganya.

Kuhusu Desemba, Wachaga wenzangu mnajua: Krismasi ni nyumbani. Viti vya pointi hufunguliwa karibu miezi 11 kabla, na wiki ya Krismasi huisha mapema. Mimi naanza kutafuta Januari, mabegi ya safari iliyopita bado hayajafunguliwa yote.

Kadi hizo mbili nilizozitaja hazikati tozo ya matumizi ya nje, tofauti na nyingine zinazokata 3%. Ila ukiwa dukani Moshi au Arusha, mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, bonyeza shilingi. Ukichagua dola, wenye mashine ndio wanaokupangia bei ya kubadilisha.