Akikwambia "niko poa ticha", usimwamini: kwa mliopewa michezo ya shule mwaka huu

Nyie mnaoanza, mliokabidhiwa filimbi na mfuko wa mipira kwa sababu tu nyie ndo vijana kwenye stafu au kuna siku mlijisifia kwamba zamani mlicheza, nawaandikia haya maana mimi hakuna aliyeniambia. Nilianza hivyo hivyo. Nilijua kazi ni kufundisha mpira na kurudi na kombe, na usalama ni lile boksi la huduma ya kwanza ambalo ukilifungua unakuta bandeji moja na mkasi wenye kutu.

Kosa langu kubwa nalitaja mapema ili msinione najua sana. Kiungo wangu, kijana wa miaka 15, aligongana kichwa na beki wakigombea mpira wa juu. Akaanguka, akaamka mwenyewe fasta, akajipangusa magoti, akaninyooshea dole gumba, niko poa ticha. Na mimi nikafurahi, maana tulikuwa tunaongoza moja bila na sikuwa na mtu wa kuziba pale kati. Baada ya dakika kadhaa mpira umetoka, namwona anaenda kujipanga upande ambao sio wetu, nikacheka kabisa, nikampigia kelele amka wewe. Mapumziko mwenzake akaninong'oneza, ticha huyu kaniuliza mara 3 tumefunga ngapi. Nikasema kachoka huyo. Kipindi cha pili akatoka mwenyewe mpaka kwenye mstari, akainama, akatapika, halafu akaniangalia kama vile hanijui vizuri. Ile sura bado ninayo.

Alipona, lakini wiki kadhaa alikuwa akishika daftari kichwa kinamuuma, mwanga unamsumbua, anakasirika ovyo. Na dalili zote nilizozihitaji nilikuwa nazo mkononi kabla hajatapika, tena moja nililetewa na mtoto mwenzake.

Kwa hiyo mtikisiko wa ubongo mjifunze kabla hamjajifunza fomesheni. Wengi wanaopata hawazimii, na hapo ndipo tunapodanganyika, tunasubiri azimie ndo tuamini. Angalieni anayerudia swali lile lile, aliyesahau matokeo, anayetembea kama anaogopa ardhi, anayeshika kichwa, anayeziba macho kwa mwanga, au yule ambaye huwezi kueleza lakini leo sio yeye. Ukihisi tu, anatoka, na akitoka harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa, hata mzazi wake asimame pale aseme mwache acheze. Na akitapika tena na tena, akisinzia ovyo, akipata degedege, maumivu ya kichwa yakizidi kupanda, au akilalamika shingo, hiyo ni hospitali sasa hivi, na mwenye shingo usimwinue winue. Asiachwe peke yake masaa ya mwanzo.

Sababu ya ukali wote huo ni kwamba ubongo ambao haujatulia ukipigwa mara ya pili unaweza kuvimba vibaya mno, na wanaopatwa sana na hiyo ni hawa hawa vijana wetu. Marekani kuna kijana wa miaka 13 kwenye jimbo la Washington, Zackery Lystedt, mwaka 2006 aliumia kichwa kwenye mechi ya shule, akapumzika kidogo akarudishwa uwanjani, akamaliza mechi akaanguka, damu imevuja kwenye ubongo. Alipona nusu, na ulemavu. Mwaka 2009 jimbo likatunga sheria yenye jina lake kwamba mwanafunzi anayehisiwa kuumia kichwa atolewe, na asirudi bila ruhusa ya mtaalamu wa afya. Majimbo mengine yote yakafuata ndani ya miaka michache. Yaani kitu ambacho mimi nilikiita kachoka huyo, wenzetu wamekitungia sheria.

Kurudi nako kuna ngazi zake. Siku 1 au 2 za mwanzo anatulia, anapunguza simu, anatembea tembea kidogo sio kufungiwa gizani. Darasa linarudi kwanza, michezo baadaye. Halafu kukimbia polepole, mazoezi ya mpira bila kugusana, ruhusa ya daktari, mazoezi kamili, ndo mechi. Kila ngazi angalau siku nzima, na dalili zikirudi mnashuka ngazi. Ukihesabu hapo mechi ya wiki ijayo haipo, mkubali tu mapema.

Sasa swali lililonisumbua zaidi ni kwa nini alinidanganya. Nilimuuliza baada ya muda na hakuzunguka: ticha ningetoka ningepoteza namba. Hapo ndo nikaelewa kwamba yule mtoto nilimfundisha mimi kudanganya. Mwezi mmoja nyuma kuna beki aliomba apumzike goti, nikamweka benchi mechi 4 mfululizo, na mbele ya wenzake nikasema timu haitaki watu laini. Watoto wanasikia kila kitu jamani. Baada ya hapo nani tena atakuja kukwambia paja linavuta?

Kwa hiyo mambo ya nani anacheza na mambo ya usalama mimi siku hizi nayaona ni kitu kimoja, na wale wanaoyatenganisha nadhani hawajawahi kukaa na mtoto wa benchi wakaongea naye. Siku ya kwanza ya msimu nawakusanya nawaambia hakuna anayepoteza namba kwa kuumia, ukipona unarudi ulipokuwa, na aliyekushikia nafasi naye atapata dakika zake. Halafu natimiza, maana ukivunja mara 1 imeisha. Aliyeumia bado anakuja mazoezini, anapewa kazi, anaandika nani kafanya nini, anasimamia wadogo wakipasha. Kwa timu za wadogo kila aliyevaa jezi anacheza, sio dakika 2 za mwisho za huruma. Utapoteza mechi kadhaa, ndio, na mwalimu mkuu atakuuliza, mjibu.

Na kukimbiza watoto kama adhabu acheni. Mtoto anayekimbizwa kwa adhabu hawezi kusema nimezidiwa, atakimbia mpaka aanguke, na siku ya jua kali hicho kitu kinaua. Wiki 2 za mwanzo wa msimu ndo za kuogopa zaidi, wametoka likizo miili haijazoea joto, mwili unahitaji kama siku 7 mpaka 14 kuzoea, nyie mnataka wawe fiti kesho. Anzeni kidogo, mapumziko ya maji yawe ya lazima sio ya kuombwa. Na mtoto aliyekuwa anakimbia juani akaanza kuongea vitu havieleweki, anayumba, kawa mkali bila sababu, msimpe maji ya kunywa mkasubiri, huyo mwili unaungua ndani. Mvueni nguo nzito, mtumbukizeni kwenye maji baridi kama mna beseni kubwa au pipa, huku mmoja kashika kichwa kisizame, kama hamna mmwagieni maji mwili mzima mfululizo na mataulo mabichi na kumpepea, huku mwingine anaita gari la wagonjwa. Mnapoza kwanza, kumsafirisha kunafuata. Watu wengi wanapakia kwenye gari mtoto bado wa moto, dakika zinaishia barabarani.

Kuna na hili la moyo, nalo silirefushi lakini mlijue. Mchezaji akianguka mwenyewe bila kuguswa na mtu, na haitiki, chukulia moyo umesimama mpaka ijulikane vingine. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka hivyo pale Lyon mwaka 2003, katikati ya uwanja hakuna mtu karibu yake, akafariki. Christian Eriksen wa Denmaki alianguka hivyo hivyo Juni 2021 pale Copenhagen, lakini yeye walimwahi, wakamkandamiza kifua na kumshtua moyo kwa mashine pale pale kwenye nyasi, mwaka uliofuata alikuwa anacheza ligi ya Uingereza. Kukandamiza kifua kunafundishwa kwa siku moja, nendeni mkafundishwe, katikati ya kifua, nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Na zile pumzi za kukoroma koroma, za kukata kata, msidhani anapumua. Mashine ya kushtua moyo kama shule inayo inaongea yenyewe inakwambia cha kufanya, shida ni kwamba mara nyingi imefungiwa ofisini na mwenye ufunguo kaondoka saa 9. Kila dakika inayopita bila kushtua nafasi ya kupona inashuka kama asilimia 7 mpaka 10, sasa tafuta mwenye ufunguo hapo.

Ndo maana mpango unaandikwa kabla. Nani anapiga simu, nani anakimbia kufungua geti, nani anabaki na watoto wengine maana na wao wanalia, gari linapita wapi kufika uwanjani. Sisi tuliufanyia jaribio siku moja mchana, tukagundua geti la nyuma tunalolitegemea limewekewa mirundo ya madawati. Tulicheka, lakini cheko la aibu.

Mengine nayapita haraka. Fomu ya afya kwa kila mtoto, uisome kweli, ujue nani ana pumu, kifafa, selimundu. Inhela iwe pale mstarini, sio kwenye begi lililofungiwa bwenini. Kupasha dakika 15 hadi 20 kwa mazoezi ya kushika usawa na kuruka na kutua vizuri kunapunguza majeraha kweli, hasa magoti ya wasichana ambayo yana hatari zaidi, mfundisheni kutua goti limekunjwa lisiingie ndani. Akiteguka enka hakuna kumchua siku hiyo jamani, barafu kwenye kitambaa dakika 15, kufunga, kuinua. Radi ikisikika wote ndani, na mnahesabu dakika 30 kutoka ngurumo ya mwisho. Goli za kuhamisha zifungwe chini kwa uzito, zikiangukia mtoto zinaua, na watoto wote duniani wananing'inia kwenye goli. Na usibaki peke yako na mtoto mmoja kwenye chumba kilichofungwa, hata kama unamfunga bandeji tu, ita mtu wa pili.

Wasichana wanaoacha timu katikati ya msimu msikimbilie kusema wavivu. Nilishangaa mwalimu mwenzangu wa kike alipowauliza, majibu yakawa kaptura fupi, hakuna pa kubadilishia, na siku zao zikifika hawajui wamwambie nani. Tukabadilisha kaptura na kutenga chumba. Watatu wakarudi.

Kijana wangu wa kiungo naye alirudi, na namba yake aliikuta. Siku hizi ninachofanya kwenye kila mechi ni kuwapa wa benchi kila mmoja mtu wake wa kumwangalia uwanjani, maana wao wanajuana kuliko ninavyowajua mimi. Msimu uliopita mtoto wa kidato cha kwanza, mdogo kabisa, alinivuta mkono wa jezi wakati niko bize kumgombeza refa, ticha, yule wangu kafunga kamba za kiatu mara ya nne na zilikuwa zimefungwa. Nikaomba sub kabla sijamaliza kumgombeza refa.