“Kula riba, mtaji usiguse”: hesabu inayowaponza waliostaafu kwa hiari

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka 55. Nilipata mkupuo wa shilingi milioni 52, na akiba yangu ya SACCOS ilikuwa milioni 18. Milioni 50 nimenunulia hatifungani ya serikali, yaani nimeikopesha serikali kwa miaka 20, riba asilimia 12 kwa mwaka. Milioni 20 ziko Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Pensheni ni 520,000 kwa mwezi. Nikijumlisha na riba napata 1,020,000, na matumizi ni 850,000. Daftari linaonyesha nabakiza 170,000 kila mwezi. Je, nianze kujenga vyumba vya kupangisha kwa ziada hiyo?

JIBU: Mwalimu, ziada hiyo haipo.

Ulikowekeza sina neno nako. Kinachokupotosha ni ule msemo wa semina za wastaafu: kula riba, mtaji usiguse. Wanaousema wanajiamini sana, ila hawajawahi kukaa na kalamu. Hatifungani yako italipa milioni 6 mwaka huu, na milioni 6 zilezile mwaka wa 20, kisha urudishiwe milioni 50. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kwa mwaka, milioni 50 za siku hiyo zitanunua vitu ambavyo leo ni kama milioni 23. Hukuugusa mtaji, na bado zaidi ya nusu imekwenda. Matumizi yako nayo, kwa kasi hiyohiyo, yatafika 1,034,000 baada ya miaka mitano. Yatakuwa yameshapita mapato yako yote, nawe una miaka 60, umri ambao wenzako ndio kwanza wanastaafu kwa lazima. Na nyongeza ya pensheni ambayo haijatangazwa usiiandike popote.

Kwa hiyo, katika milioni 6 za riba, milioni 2 (asilimia 4 ya mtaji) zihesabu kuwa fidia ya shilingi inayopungua nguvu. Za kula ni milioni 4, sawa na 333,000 kwa mwezi. Ongeza pensheni: 853,000. Umebakiza elfu tatu.

Riba huingia milioni 3 kila baada ya miezi sita, tena kamili, kwa sababu hatifungani za muda huo hazikatwi kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa. Siku inapoingia, milioni 1 irudi kwenye mnada wa Benki Kuu kununua hatifungani nyingine. Kiwango cha chini ni hichohicho milioni 1. Milioni 2 zipeleke Ukwasi, utoe 333,000 kila mwanzo wa mwezi. Usiandike mapato ya 500,000 kwa mwezi ilhali benki hakuna kilichoingia. Hapo ndipo watu wanapoanza kukopa dukani “wakisubiri riba”.

Hata hiyo 850,000 siiamini. Daftari la kila siku hunasa nyanya na nauli. Bati, miwani na ada ya chuo hazimo. Chukua taarifa za benki na za simu za miezi 12, jumlisha vyote vilivyotoka, gawa kwa 12. Kisha kila mwisho wa mwezi chukua salio la mwanzo, ongeza yaliyoingia, toa uliyoandika, linganisha na salio halisi. Pengo utakalokuta ni rambirambi, michango ya harusi na makato ya kutuma fedha.

Mstaafu akishaona hesabu imebana, ndipo wale jamaa wa “asilimia 10 kwa mwezi” wanapomkuta. Juzi walikuja na kilimo, leo wana forex, kesho sijui nini. Serikali yenye kodi za nchi nzima inakulipa asilimia 12 kwa mwaka. Huyu wa kwenye WhatsApp anazitoa wapi? Anazitoa kwa mstaafu aliyeingia baada yako, na wimbi likikatika hakuna wa kudai. DECI, upatu uliokusanya fedha za watu wengi, ilifungwa mwaka 2009 na bado watu wanapanga foleni kwenye upatu wenye majina mapya. Ukiwabana watakuonyesha cheti cha BRELA na namba ya TIN. Cheti cha BRELA ni usajili wa jina au kampuni, na hata muuza chipsi anaweza kuwa nacho. Anayekusanya fedha za watu ili aziwekeze anahitaji leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Anayepokea amana anahitaji ya Benki Kuu. Ulizia kwenye taasisi hizo mwenyewe, usiulizie kwa namba ya simu aliyokupa yeye.