Mwanangu, kuhusu yule Yuda uliyeniuliza

Mwanangu, voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza sikuambulia kitu maana ulikua unalia. Kwaiyo huyo mwalimu unaemfatilia mtandaoni anasema Yuda sio mtu, ni fahamu yako ya ndani, kila aliyemo kwenye Injili ni wewe, sa unauliza je rafiki yako alokimbia na mtaji wa duka umemleta wewe kwa mawazo yako?

Hapana. Hela kachukua yeye na wa kuulizwa ni yeye. Hapo mwalimu wako kateleza.

Ila usimtupe wote. Fungua Mathayo 26, Yesu anasema mmoja wenu atanisaliti, alafu angalia wale kumi na wawili, hakuna hata mmoja anaemnyooshea mwenzie kidole, yaani hakuna anaesema si mnamjua huyu Yuda mshika mfuko wa hela, wanaanza mmoja mmoja, "Ni mimi, Bwana?" Watu wazima wale, wameacha na kazi zao, na bado hawajiamini. Yuda nae anauliza, ila yeye anasema Rabi, yaani mwalimu, hasemi Bwana, mi hapo hua nasimama kidogo.

Na kwa Yohana 13 ndo kuna tonge. Yesu anachovya tonge anampa Yuda. We umelelewa hapa, unajua wa kumegewa tonge ni nani, mtoto, mgonjwa, mgeni wa heshima. Hafukuzwi mezani, analishwa, ndo anatoka, "nako kulikuwa ni usiku". Wanaosoma kwa jicho la ndani wanasema ule usiku ulikua ndani yake pia na mi nawakubalia, kwa sababu naujua.

Mwaka ule nilikua mweka hazina wa rambirambi za jumuiya, hela zinakaa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Ukaja na barua ya ada. Nikatoa elfu arobaini, nikajiambia Ijumaa narudisha. Kutoa sikumbuki vizuri, nakumbuka kufunika, nilifunika lile kopo taratibuu kama kuna mtoto kalala ndani, na nyumbani nilikua peke yangu. Jumapili tukala pamoja wanajumuiya, mama mwenyekiti akanipakulia nyama kabla ya wote.

Nilirudisha baada ya miezi miwili, hakuna aliejua. Yuda nae alirudisha, vipande 30 vyote vya fedha alivyolipwa kumsaliti Yesu, Mathayo 27, wakuu wa makuhani wakamwambia shauri yako. Mi naona pale ndo alipoishia, hakupata wa kumwambia akamsikiliza. Petro nae alikana mara tatu lakini alilia akarudi kwa wenzie.

Baba ako hajui hii, ni wewe tu. Na usianze kulia tena eti ilikua ada yako. Kesho polisi usiende peke yako, nenda na kaka ako, beba yale makaratasi mlosainiana yote, na meseji zake usifute hata moja.